Kijana wako angekuambia? Mwongozo wa kinga ya VVU inayoanzia nyumbani

Dawa ya kuzuia VVU baada ya mtu kuingia kwenye hatari ipo, na inafanya kazi. Sharti lake ni muda. Kidonge cha kwanza kimezwe ndani ya saa 72, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo nguvu yake inavyopungua.

Sasa hesabu na mimi. Binti wa kidato cha tatu anabakwa Ijumaa jioni akitoka tuisheni. Kwao kauli inayojulikana ni moja: "Ukiharibikiwa huko, usirudi hapa." Jumamosi ananyamaza. Jumapili anakwenda kanisani na wenzake. Jumatatu anamwambia rafiki, rafiki anamwambia dada yake, Jumanne jioni ndiyo habari inamfikia mama. Wakati wote huo dawa ilikuwa kituo cha afya cha kata, mwendo wa kwa miguu.

Mimi ni mshauri nasaha kwenye kliniki ya tiba na matunzo, CTC kama tunavyoiita, huku Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kwa hiyo huku kwetu ni shida kupata ukoo ambao haujaguswa. Na ninachokiona mezani kwangu ni kwamba kijana mwenye mtu mmoja wa nyumbani anayeweza kumwambia jambo la aibu siku hiyohiyo yuko salama kuliko yule aliyekariri vipeperushi vyote. Hatua zinazofuata ni za kumtengeneza mtu huyo. Huna haja ya kuzifanya zote wiki hii, ila ya kwanza ifanye leo.

Hatua ya 1: Andika majina ya vijana wote wa nyumba yako

Chukua daftari. Andika kila mwenye miaka 10 hadi 24 anayelala, anayekula au anayesomeshwa na nyumba yako. Wazazi wengi wakimaliza kuandika waliowazaa huweka kalamu chini. Endelea. Kuna mpwa aliyeletwa baada ya dada yako kufariki. Kuna mtoto wa kambo. Kuna kijana anayekuuzia duka, na dada wa kazi aliyetoka kijijini mwaka jana. Kuna mwanafunzi aliyepanga geto karibu na shule ya kata kwa sababu nyumbani ni mbali.

Mbele ya kila jina jibu swali hili: akipatwa na balaa usiku wa leo, atamwambia nani kwanza? Usiandike anayepaswa kuambiwa. Andika yule ambaye kweli ataambiwa. Kama ni bibi, andika bibi. Kama ni mama mdogo aliye Dodoma, andika, hata kama inakuuma kwamba si wewe.

Jina lisilo na mtu mbele yake ndilo la kuanzia, na mara nyingi ni la mtoto ambaye hakuzaliwa humo. Yatima anayelelewa vizuri, anayekula na kuvaa kama wengine, hujifunza mapema kutokuwa mzigo. Haombi pedi, haombi nauli, halalamiki. Sisi tunamsifia: "Huyu mtoto ana adabu." Mwanaume mwenye nia mbaya naye anakiona kimya hicho, na anakipenda kwa sababu zake.

Hatua ya 2: Wakubwa watangulie kupima

Mama na baba ambao hawajapima tangu kliniki ya ujauzito wa mtoto wa mwisho hawana nguvu ya kumtuma kijana. Nendeni, mpime, mkirudi mseme mezani kwamba mmetoka kupima. Majibu yenu ni yenu, hamlazimiki kuyatangaza. Kitakachobaki kwa watoto ni kwamba hapa nyumbani kupima ni jambo la kawaida kama kupima presha.

Mama akikutwa na VVU, kila mtoto aliyezaliwa na mama huyo na hajawahi kupimwa apimwe, hata kama ana miaka 14 na anacheza mpira. Wapo waliozaliwa na virusi wakaufikia ujana bila mtu kujua. Dalili zao hupewa majina mengine: mtoto mfupi kuliko wadogo zake, balehe inayochelewa, masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, vipele visivyoisha. Watu husema karithi ufupi wa babu yake. Huenda ni kweli. Kipimo kitasema.

Jambo la kisheria ambalo wazazi wengi hulisikia kwa hasira: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa Tanzania mwenye miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi. Awali ilikuwa 18. Marekebisho hayohayo yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe kwa kitepe, ila kitepe kikionyesha maambukizi lazima athibitishiwe kituoni. Ukigundua mwanao alikwenda kupima kimyakimya, usimuulize alikuwa analala na nani. Mwambie umefurahi alikwenda. Akitaka kukuonyesha majibu atakuonyesha, na mara nyingi hutaka, wiki moja au mbili baadaye, akishaona hukupiga kelele.

Hatua ya 3: Tafuta mdomo unaofaa

Makala nyingi za afya humwambia mzazi "zungumza na mtoto wako" kana kwamba ni jambo jepesi. Kwa mila za makabila mengi ya kwetu, baba kuzungumza mambo ya chumbani na binti yake ni kuvunja haya, na binti mwenyewe atatamani ardhi imfiche. Haya hiyo haitaondoka kwa semina ya siku mbili. Sioni sababu ya kupigana nayo wakati ukoo una njia nyingine tayari.

Bibi na babu wana utani na wajukuu. Bibi anaweza kumwambia mjukuu wa kiume, "Mume wangu, umeanza kuota ndevu, utaniletea mke mwenza lini?" na wote wakacheka. Ndani ya kicheko hicho unapita ujumbe ambao mama angeshindwa kuupitisha. Shangazi ana mamlaka ya kumuuliza binti wa kaka yake maswali mazito. Pwani kuna somo na kungwi, na Buganda ssenga, dada wa baba, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kumfunda binti tangu zamani. Watu hawa wana kiti tayari. Hawahitaji utambulisho.

Ila mwalimu naye afundishwe. Mafunzo ya unyago katika sehemu nyingi yalilenga kumwandaa msichana kwa mume: usafi, heshima, namna ya kumpendeza. VVU haikuwepo. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Tanzania walikuwa Kagera, mwaka 1983, na makungwi wengi walikuwa wamefundwa na watu waliofundwa kabla ya hapo. Kwa hiyo kaa na shangazi kwanza. Hakikisha anajua mambo manne: kondomu inatumikaje na kwa nini isihifadhiwe kwenye pochi ya kukaliwa miezi mingi, dawa ya saa 72 inapatikana wapi, kupima ni wapi na bure, na kwamba mwenye VVU anayetumia dawa vizuri anaishi miaka mingi. Kama yeye mwenyewe bado anasema "ukipata ngoma umekwisha," mpeleke CTC akaone foleni ya watu wenye afya zao wakichukua vidonge na kuwahi shamba.

Chagua pia wa watoto wa kiume. Hawa husahaulika kabisa. Binti anaonywa tangu ana miaka tisa, kaka yake anaachwa ajifunze kijiweni, ambako anafundishwa kwamba kuhesabu wasichana ndiyo uanaume. Mjomba au kaka mkubwa anaweza kuanza na tohara. Katika mikoa ambayo zamani haikuwa na jando, kama Iringa na Njombe, tohara kinga imefanywa jambo la kawaida kwa kampeni zilizoanza mwishoni mwa muongo wa 2000, baada ya tafiti za Kisumu, Kenya, Rakai, Uganda, na Orange Farm, Afrika Kusini, kuonyesha kwamba inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Mjomba atakayempeleka kijana atakuwa na safari nzima ya kwenda na kurudi ya kuzungumza naye. Amwambie mambo mawili bila kupindisha: asubiri wiki sita kidonda kipone kabla ya kukutana na mwanamke yeyote, na asilimia 60 si 100, kondomu bado ni yake.

Hatua ya 4: Anza kabla hajapendeza

Wakati wa kuanza ni kabla mtu wa nje hajamwona kuwa mkubwa. Mkoa wa Nyanza, Kenya, mpango mmoja wa kuwafundisha wazazi kuzungumza na watoto wao uliwalenga wazazi wa watoto wa miaka 9 hadi 12, kwa maana kwamba wa miaka 16 tayari ana walimu wengine. Na hofu kwamba ukimweleza utamfungua macho akajaribu, mapitio ya UNESCO ya tafiti za elimu ya jinsia yameijibu: elimu hiyo haiwafanyi vijana waanze ngono mapema.

Miaka saba au minane inatosha kumwambia kwamba sehemu zake za siri ni zake, na kwamba mtu yeyote, hata anko, hata mwalimu, hata kaka yake, akimgusa na kumwambia "usimwambie mama," hilo ndilo la kumwambia mama. Miaka kumi na moja, eleza hedhi na ndoto nyevu kabla hazijamtisha. Kumi na tatu, taja VVU kwa jina, namna inavyoingia mwilini na namna isivyoingia, na dawa ya saa 72. Ndiyo, kwa mtoto wa miaka 13. Anahitaji kujua kwamba kuna muda wa kukimbilia.

Mazungumzo marefu ya kukaa kitako hayafai. "Njoo hapa nizungumze na wewe" humfanya kijana asikie kesi tu. Maneno yanatoka vizuri mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine: mnamenya viazi, mnachambua maharage, mko kwenye pikipiki, mnarudi msibani. Na si lazima umzungumzie yeye. Mzungumzie mtu wa kwenye redio, binti wa tamthilia, yule kijana wa mtaa wa pili. Uliza, "Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje?" kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakotushinda wazazi. Kijana akitoa jibu la kijinga tunarukia kulirekebisha, na siku nyingine hatoi tena.

Kuna sentensi moja nawaomba wazazi waitamke neno kwa neno, hata kama wanaona imenyooka mno: "Likikupata jambo lolote, hata kama ulinidanganya ulikuwa wapi, njoo uniambie siku hiyohiyo. Nitakasirika, lakini kwanza tutakwenda hospitali." Hiyo "nitakasirika" iache ndani. Ukiahidi kwamba hutakasirika hatakuamini, anakujua.

Kama nyumba yako ina historia ya "usirudi hapa," utakuwa na kazi ya kuifuta. Ifute kwa kutamka: "Ile kauli niliisema nikiwa na hofu. Hapa ni kwenu."

Hatua ya 5: Fuata pesa na njia

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko maambukizi ya mabinti wengi huanzia, na mahubiri hayafiki.

Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne iliondolewa Tanzania mwaka 2016. Nauli haikuondolewa. Wala pedi, chakula cha mchana, daftari la ziada, vocha. Binti anayepewa "Mungu atasaidia" asubuhi na bado anafika shuleni kwa pikipiki, kuna anayemlipia. Bodaboda anayempa lifti bure kwa mwezi mzima hajafungua kituo cha huduma za jamii. Fataki, yaani mwanaume mtu mzima anayewinda wasichana wadogo, mwenye gari naye anaanza na chipsi.

Zomba, Malawi, watafiti walizipa familia za wasichana kiasi kidogo cha fedha kila mwezi, sehemu ikaenda kwa mzazi na sehemu akapewa msichana mwenyewe mkononi. Baada ya miezi 18, waliokuwa na VVU kati ya wanafunzi waliopewa fedha walikuwa asilimia 1.2, na kati ya wenzao wasiopewa asilimia 3.0. Waliopewa walikuwa pia na uhusiano kidogo zaidi na wanaume wa miaka 25 na kuendelea. Hawakuwa wametajirika. Walikuwa na uwezo wa kusema hapana kwa mtu mwenye nauli. Botswana nayo, baada ya mfumo wa elimu kubadilishwa mwaka 1996 na vijana wengi kubaki shuleni mwaka mmoja zaidi, utafiti ulionyesha mwaka huo wa ziada ulipunguza uwezekano wao wa kupata VVU.

Kwa hiyo kaa na kijana mpange bajeti ya wiki yake. Yeye aseme, wewe uandike. Nauli ya kwenda na kurudi, mchana, pedi za mwezi ukizigawa kwa wiki nne, penseli. Jumla yake mara nyingi huwa ndogo kuliko unayochangia kwenye sherehe za watu. Kama huna yote, sema huna, mchague pamoja kinachokatwa. Kinachoumiza ni kumwacha akatafute mwenyewe jibu la hesabu ambayo hukutaka kuisikia. Pedi zinunuliwe bila kuombwa, zikae mahali anapozichukua mwenyewe. Kama ni bodaboda, tafuta dereva unayemjua na umlipe wewe kwa wiki au kwa mwezi, ili anayedaiwa na dereva uwe wewe.

Simu mpya, viatu vipya, nywele za gharama: uliza, lakini uliza mapema na kwa sauti ya kawaida. "Simu nzuri, nani kakupa?" ikiulizwa siku ya kwanza ni udadisi. Ikiulizwa baada ya miezi mitatu na mkanda mkononi ni hukumu, naye atakuwa ameshatunga jibu. Wapo wazazi, tuseme ukweli, ambao hawaulizi kwa sababu binti analeta na sukari nyumbani. Nikikutana nao sipindishi: hiyo sukari mnaijua inakotoka.

Kujua kijana alipo si kumchunga kama mfungwa. Inatosha ujue anatoka saa ngapi, na nani, na anarudi kwa njia gani, na yeye ajue kwamba akikwama saa nne usiku akakupigia utakuja au utamlipia usafiri akifika, na maswali yatakuwa kesho asubuhi. Ukimgombeza usiku ule kwa kukupigia, mara ya pili atampigia mwingine.

Geto lina mambo yake. Msichana wa miaka 15 aliyepanga chumba na wenzake wawili, mlango wa bati, unga wa kuhesabu, mwenye nyumba mwanaume. Kama hosteli ya shule ipo, hata ya hali ya chini, ni bora. Kama haipo, tafuta ndugu, muumini mwenzako, mtu wa kijijini kwenu aliye karibu na shule, umwombe awe anapita mara mbili kwa wiki bila kutoa taarifa. Peleka chakula cha mwezi mzima siku ya kwanza ya mwezi. Njaa ya wiki ya nne ndiyo inayofungua mlango wa geto.

Hatua ya 6: Siku habari ikifika

Imekuja. Amekuambia, au kondomu ilipasuka na hamjui hali ya mwenzake, au amebakwa. Mpangilio ni huu.

Kwanza, angalia saa na uhesabu tangu tukio. Kama hazijafika 72, nendeni kituo cha afya sasa hivi, usiku ukiwemo, hospitali zina zamu. Usisubiri baba arudi safari. Kama zimepita, nendeni vilevile, kwa sababu vipimo na huduma nyingine bado vinahitajika.

Kama ni kubakwa, asioge, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, zisifuliwe. Kituoni watampima VVU kwanza, kwa kuwa dawa hii hupewa ambaye bado hana. Akianza, atameza kila siku kwa siku 28. Siku za mwanzo anaweza kusikia kichefuchefu, na hapo ndipo wengi huacha. Kazi ya familia ni kukumbusha na kumpa chakula, basi. Msichana aulizie pia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo hufaa hadi siku ya tano lakini ni bora mapema. Kipimo cha marudio baada ya miezi mitatu kiandikwe kwenye kalenda ya ukutani kwa alama mnayoijua wenyewe.

Fomu ya polisi, PF3, itahitajika kwa ajili ya kesi. Mmoja aifuatilie kwenye Dawati la Jinsia na Watoto wakati mwingine amekaa na mtoto hospitalini. Dawa isingojee karatasi. Simu ya bure ya msaada kwa watoto ni 116, kwa Tanzania na hata Kenya.

Sasa lile gumu. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta wasichana karibu 3 kati ya 10, na wavulana takriban 1 kati ya 7, waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Majirani na wapenzi walitajwa sana. Ndugu pia wamo. Akiwa ni ndugu, kikao cha ukoo kitaitishwa haraka kuliko gari la wagonjwa. Wazee watasema tuyamalize kifamilia, ng'ombe watatajwa, mtoto ataambiwa asiivunje nyumba. Wakati wanakaa, saa zinakwenda. Mimi msimamo wangu ni kwamba kikao hicho kisihudhuriwe. Mama au yeyote aliyemwamini mtoto amchukue aende naye hospitali na polisi, na usiku huo mtoto asilale nyumba moja na mtu huyo. Ukoo utanuna. Wavulana nao wasisahauliwe hapa. Mvulana aliyefanyiwa hivi huona aibu mara mbili, na dawa anayoihitaji ni ileile, ndani ya saa zilezile.

Jambo la kutosema siku hiyo: "Ulivaa nini?" "Ulifuata nini kule?" Ukiyasema, umefunga njia ya habari inayofuata.

Hatua ya 7: Kama kijana anaishi na VVU

Wengi wao walizaliwa nayo, na wanameza dawa tangu utotoni wakiambiwa ni za kifua au za moyo. Shirika la Afya Duniani tangu 2011 linapendekeza mtoto wa umri wa kwenda shule, miaka 6 hadi 12, aelezwe hali yake, kidogo kidogo kadiri anavyoelewa. Nyumbani huwa tunasubiri. Bibi anasema bado mdogo. Matokeo yake anafika miaka 14, anasoma jina la dawa kwenye kopo, anatafuta kwenye simu, na anajua siku hiyo mambo mawili kwa pamoja: ana VVU, na watu anaowaamini wamemdanganya. La pili ndilo linalomfanya aache dawa.

Anza na "una mdudu kwenye damu, dawa zinamlaza usingizi." Akiwa na miaka kama kumi, taja jina. Mshauri wa kliniki atakusaidia, unaweza hata kuomba mfanye naye pale kliniki. Mweleze aliipataje bila kumtupia lawama mama yake, hasa kama mama ni marehemu na upande wa baba una maneno.

Kumeza dawa kila siku ni kazi ya familia nzima mpaka atakapoichukua mwenyewe. Kama nyumbani kuna baba wa kambo asiyejua, kijana atameza kwa kujificha, na dawa ya kujificha hurukwa. Familia iamue nani anajua, na mmoja wao awe anayeishi humo ndani. Sahani, vikombe, taulo la kukaushia mikono, visitengwe; VVU haipiti huko, na kikombe chenye alama hufukuza mtoto kuliko tusi.

Kijana mkubwa atapenda, na ana haki ya kupenda. Mwambie ukweli wa kisayansi ambao wazazi wengi hawaujui: mtu anayetumia ARV, dawa za kufubaza VVU, vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo cha wingi wa virusi hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Tafiti za Ulaya zilizofuatilia wenza kwa miaka, matokeo ya mwisho yakitolewa 2019, hazikukuta hata maambukizi moja yaliyotoka kwa mwenza wa namna hiyo. Kwa kijana aliyedhani hatawahi kuoa, habari hii inampa sababu ya kumeza kidonge cha leo kuliko vitisho vyote. Akikosa dozi akakuambia, shukuru amekuambia, kisha muulize nini kilitokea. Kupigwa kwa sababu ya dozi moja hufundisha kutupa vidonge chooni na kuonyesha kopo tupu.

Hatua ya 8: Anapoondoka nyumbani

Wazazi wameachana, bibi amefariki, amepangiwa bweni, amepata kazi ya ndani Dar es Salaam. Katika kuhama huku ndiko tunakowapoteza vijana wengi kwenye orodha zetu.

Anayetumia dawa aondoke na barua ya uhamisho ya kliniki na dawa za kutosha kufika kliniki mpya. Bweni likiwa ndiko anakokwenda, kubalianeni yeye na wewe nani shuleni aambiwe, matroni au mwalimu mmoja, na mkamwone pamoja kabla ya siku ya kuripoti. Ndugu anayempokea mjini aambiwe tu kwa idhini ya kijana, ila asipoambiwa yeyote basi kijana awe na namba ya mshauri wake.

Asiyetumia dawa naye ana mzigo wa kubeba, hasa binti anayekwenda kazi za ndani. Kabla hujampandisha basi, zungumza na mwajiri kwa simu akiwa anasikia, ili mwajiri ajue ana kwao. Mpangie siku ya kukupigia kila wiki, na neno mnalolijua wawili tu la kumaanisha "njoo unichukue," kwa sababu huenda mtu amesimama pembeni yake. Namba ya shangazi aikariri kichwani, simu hunyang'anywa. Na umpe nauli kamili ya kurudi, mkononi mwake, mwajiri asijue iko wapi, na mwambie kabisa kwamba akiitumia kurudi wiki ya kwanza hakuna atakayemuuliza mshahara.